Bhagauti Alivyoniomba Njia ya Maji

Bhagauti alilima miwa mlimani miaka arobaini na moja, nami miaka hiyo yote nililima magimbi bondeni, chini yake. Kati yetu palikuwa na mtaro mmoja. Kila Novemba, kabla ya mvua kubwa, aliuzibua kwa jembe, upande wake na upande wangu. Sikuwahi kumwomba. Ningemwomba, angeringa.

Yeye Mhindi, mimi Mfiji, basi tulitaniana mpaka watu wa njiani wakadhani tunagombana.

"Vilimaina, magimbi yako yananenepa kwa maji yangu."

"Maji ya Mungu hayo. Wewe tarishi tu."

Mkewe alipofariki, na miguu yake mwenyewe ikaanza kuvimba, miwa ilimshinda. Akaamua kulikata shamba viwanja kumi na vinne. Lakini kilichokuwa moyoni mwake ni kiwanja kimoja tu, cha binti yake Sarojni, mjane aliyepanga chumba kimoja Labasa mjini na watoto wawili. Alitaka awe naye karibu, azeeke akisikia wajukuu wakipiga kelele.

Halmashauri ikamwambia: ramani haipiti mpaka utuonyeshe maji ya mvua yatakwenda wapi. Na hapo walisema kweli. Shamba la miwa hunywa maji. Bati na lami havinywi. Ilibidi achimbe bwawa la kuyashika yasiteremke kwa kishindo, kisha mtaro mpya uyafikishe kijitoni. Kijito kiko nyuma ya magimbi yangu, kwenye ardhi ya ukoo wetu, na katika wakubwa wa ukoo nimebaki mimi. Bila neno langu hakuna mtaro. Bila mtaro, Sarojni hana nyumba.

Bhagauti akakosea. Akanitumia karatasi.

Aliileta mpimaji wake wa viwanja, ya Kiingereza, ina mstari chini wa kutia sahihi. Kwetu, anayetaka kupita kwenye ardhi ya watu huja mwenyewe na mizizi ya yangona, kinywaji chetu cha heshima, akakaa mkekani, akaomba. Bhagauti anajua. Msibani kwetu alikuja hivyohivyo, kwa adabu kuliko hata Wafiji wengine.

"Mwambie mimi sikusoma," nikamwambia mpimaji.

"Ni sahihi tu, mama."

"Basi aitie yeye."

Tukanuniana miezi mitatu. Nikipita nyumbani kwake natazama mbele kama farasi.

Novemba ikaingia. Asubuhi moja nikasikia jembe. Nikatoka. Bhagauti yumo mtaroni, matope magotini, miguu ameifunga mifuko ya plastiki. Yuko upande wangu.

"Nani kakuruhusu kuchimba hapa?"

"Sichimbi. Nazibua."

"Mtaro si nimekukatalia?"

"Ulikataa ule mpya. Huu wa zamani. Mvua haijui kama tumenuniana."

"Miguu yenyewe imekuwa kama magimbi."

"Yako ilikuwa hivyo tangu usichana."

Sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni.

"Kwa nini ulinitumia karatasi, Bhagauti?"

Akaegemea jembe. "Niliona kuja na yangona ni kuja kama mgeni, dada. Nikasema, miaka yote hii, mimi bado mgeni kwa Vilimaina? Tena niliogopa. Ungenikatalia usoni, ningelia mbele yako."

"Ningekukatalia kweli," nikasema. "Ningekaa kidogo, nikakubali. Sasa toka kwenye maji, utakufa hapo wakanisingizia mimi."

Jumamosi akaja, Sarojni kamshika mkono, mizizi imefungwa gazetini. Kukaa mkekani kulimchukua muda, nami sikumsaidia, maana angeona haya. Akaomba kwa Kifiji chake kibovu, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Nikapokea, nikapiga makofi kama inavyotakiwa. Sarojni alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kisha nikatoa masharti yangu. Bwawa lichimbwe kwanza, kabla ya barabara na kabla ya nyumba yoyote. Mtaro uwe wa majani, si wa zege, maana zege hukimbiza maji. Na uzunguke magimbi yangu, usiyakate katikati.

Mpimaji alipoambiwa, akasema mtaro ulionyooka ni rahisi zaidi.

"Acha upinde," Bhagauti akamjibu. "Wewe humjui huyu mama."

Nyumba ilipokwisha, Bhagauti aliishi kwa Sarojni misimu miwili ya mvua, kisha moyo ukamchoka, tukamzika. Lakini msimu wa kwanza tuliuona wote wawili. Mvua ilipiga siku mbili mfululizo. Nikasimama na mwavuli shambani kwangu, nikaona bwawa limejaa, na maji yanatoka taratibu, yanazunguka magimbi, yanakwenda zake kijitoni. Hakuna jani lililolala. Juu kule, Bhagauti alikuwa kibarazani kwa binti yake, mjukuu kampakata juu ya miguu ile mibovu. Akanipungia mkono. Nikajifanya sikumwona, nikainama kung'oa jani moja, bure tu. Kisha nikainuka, nikampungia, nikampungia mpaka mkono ukachoka.