Fundi Aliyeitwa Deski

Mke wangu ana mashine ya kudarizi beji za shule, na mashine hiyo ina kiburi kuliko mimi. Haisikii amri ya kompyuta yoyote isipokuwa yenye Windows saba. Kompyuta yake ya zamani ilipokata roho, alinunua laptop mpya, nyembamba kama chapati ya mpishi bahili, iliyokuja na Windows ya kisasa ambayo mashine haikutaka hata kuisalimia. Wakati huo sweta mia moja na arobaini za shule moja ya hapa Busia zilikuwa zimekalia viti vyetu vyote zikisubiri beji. Ilikuwa Jumatano, na mwalimu mkuu alizitaka Jumamosi. Mke wangu angechelewa, kazi ingehamia kwa mtu wa ng'ambo ya mpaka.

"Hiyo ni kazi ya chai moja," nikamwambia. "Hujamaliza kikombe, Windows saba imeshaingia."

"Ama nimpigie Deski?"

Chai yangu ikapita njia isiyo yake.

Mimi na mke wangu tulikutana shule ya usiku, upande wa Kenya, watu wazima tukibanana watatu watatu kwenye deski moja. Yeye alikaa katikati. Kulia kwake mimi, kushoto jamaa mmoja wa Tororo, mrefu, mpole, mwenye mwandiko kama umepigwa taipu. Hao wawili wakawa wanaitana Deski. Mimi nami nilikaa deski hilohilo, tena upande wenye msumari, lakini hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilipata mke, yeye akapata jina, na mpaka leo nikilisikia presha yangu inapanda ya watu sita. Isitoshe, siku hizi ni fundi wa kompyuta huko kwao.

"Usisumbue mtu wa watu," nikasema.

Nikatengeneza flashi ya Windows saba, nikaingia kwenye menyu ya ndani ya laptop, nikazima kufuli inayokataa Windows za zamani. Ukurasa wa kwanza ukatokea, mzuri, wa buluu, ukiniuliza lugha. Nikasogeza mausi. Mshale umeganda. Kibodi nayo kimya, utadhani imefiwa. Nikachomeka tundu hili, nikachomeka lile. Nikanunua mausi nyingine. Nikavuka mpaka nikanunua ya Kenya, nikidhani labda laptop inabagua. Kufikia Alhamisi mchana nilikuwa na mausi za kutosha kufukuza paka wote wa Busia.

Nikarudi kwenye menyu ya ndani, nikageuza kila kilichokubali kugeuka. Sehemu ya diski ilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, AHCI na RAID. La kwanza sikulijua. La pili nililijua vizuri kutoka somo la Kiingereza: uvamizi. Nikasema basi, tuvamie. Nikachagua RAID, nikahifadhi. Mshale haukutikisika, nami neno lile nikalisahau.

Ijumaa asubuhi nilitoka kutafuta mausi ya sita. Niliporudi, Deski alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Shemeji! Umenona!"

"Karibu," nikasema, kama mtu anayemkaribisha askari wa forodha jikoni.

Akamgeukia mke wangu. "Deski, unakumbuka ule mwalimu wa hesabu alikuwa nalala akifundisha?"

Mke wangu akacheka mpaka akashika meza.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwamsha," nikasema. Hakuna aliyenisikia.

Deski akaangalia laptop kidogo tu. "Shemeji, mausi zako zote ni nzima. Hii matundu ni ya USB mpya. Windows saba ilizaliwa mbele yao, haiwajui. Lazima uitie draiva kwa flashi kwanza, ndiyo iwajue."

Akachomeka flashi yake. Mshale ukakimbia skrini nzima kama ndama aliyefunguliwa. Mke wangu akapiga makofi. Miaka yote ya ndoa hajawahi kunipigia makofi. Hata siku ya harusi walipiga wageni.

Kisha laptop ikamwuliza Windows iwekwe kwenye diski ipi, na orodha ikaja tupu. Hakuna diski. Deski akarudia. Akabadilisha flashi. Akavua koti.

"Draiva ya diski niliweka," akasema. "Lazima ionekane."

Saa nzima ikapita. Nilijisikia kama nimekunywa soda tatu baridi. "Pole sana, Deski," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza jina lile likawa tamu mdomoni mwangu.

Mwishowe akainua mikono, akamgeukia mke wangu. "Deski, diski ya hii laptop pengine ni mbovu. Urudishe kwa duka."

Mke wangu alichukua gunia, akaanza kukunja sweta azirudishe shuleni, moja moja, akilainisha kola ya kila moja kana kwamba anaiomba radhi.

Neno lile lilinirudia alipofika sweta ya kumi hivi. Nilifungua mdomo kwenye ya thelathini.

"Kuna kitu nilibadilisha," nikasema. "Kwa ndani."

"Kitu gani?"

"Uvamizi."

Nikawaonyesha. Deski akasoma, akafunika uso, mabega yakaanza kuruka. "Shemeji! Unavamia nyumba yako mwenyewe!" Akarudisha AHCI, njia ambayo draiva yake ilijua kuifuata diski, akawasha upya, na diski ikajitokeza pale, nzima, haina hata homa. Adhuhuri Windows saba ilikuwa ndani na mashine inadarizi.

Nilimsindikiza Deski hadi stendi ya magari ya Tororo. Heshima ya mgeni ingeishia mlangoni, lakini mimi nilisubiri apande, gari lijae, liondoke, likate kona, halafu nikasubiri kidogo tena.

Nyumbani mke wangu hakuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Baba watoto, ulikumbuka saa ngapi?"

"Palepale niliposema."

"Nakuuliza vizuri."

"Sweta ya kumi."

Sindano ikaendelea kupiga. Aliponyoosha mkono nilidhani ananipa sweta nipange. Alinipa mkasi.

"Beji zote hizi zina nyuzi za kukata nyuma. Anza. Na usiniambie ni kazi ya chai moja, kwa sababu chai imekwisha, amekunywa mgeni."