Viganja vya Ukumbi wa Kijiji

Ukumbi wa kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mpui, ulinuka pombe ya ulezi hata miezi ambayo hakuna aliyepika pombe. Harufu hiyo ilichanganyika na vumbi la mahindi na ubaridi wa matofali, na mpaka leo nikiisikia popote, macho yangu hutafuta mlango. Ukumbi ulijengwa kabla sijazaliwa, kwa nguvu za wenyeji wenyewe. Walifyatua matofali makubwa kule bondeni, na kila aliyefyatua alikandamiza kiganja chake kwenye tofali moja likiwa bado bichi, kisha likaingia tanuruni. Matofali hayo yakapangwa kwenye ukuta wa ndani, viganja vikiwatazama watu. Humo tulifanyia mikutano, harusi na matanga. Hakuna aliyefungua mlango bila kupiga hodi, hata kama alijua ndani hakuna mtu, kwa sababu wengi wenye viganja vile walikwisha kufa na ilikuwa adabu kuwaomba njia. Ukishapiga hodi ulisubiri kidogo. Ndani ulisikika mnong'ono, kisha kimya. Watu wazima walisema ni upepo wa kwenye matundu, nami niliwakubalia kwa mdomo tu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miezi michache, na hakuacha hata picha moja. Nililelewa na Bibi, mama yake mzazi. Nilipoanza shule alinipeleka ukumbini akanionyesha viganja viwili vilivyokaa jirani. "Hiki changu, hiki cha mama yako," alisema. "Tulifyatua siku moja." Tangu hapo, kila nikitoka shule nilipitia kwake, kama mtoto mwingine anavyopitia kwa mama yake sokoni. Niliweka mkono wangu ndani ya wake, na vidole vyangu havikufika hata nusu ya vidole vyake. Mwezi wa Julai, baridi ya Ufipa ikiuma mpaka kwenye meno, ukuta mzima ulikuwa baridi isipokuwa tofali lile. Lilikuwa na uvuguvugu wa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Sikumwambia mtu, nikihofia kukatazwa kwenda.

Nikiwa darasa la nne kijiji kilitarajia mgeni mkubwa, na kamati ikaona aibu kumkaribisha kwenye ukuta wenye alama za mikono. Akaletwa fundi kutoka Sumbawanga mjini apige lipu. Aliingia bila hodi. Nilisimama mlangoni nikimwona anafunika viganja kimoja baada ya kingine, nikalia mpaka akanifukuza. Alipokwenda kula nilirudi, nikahesabu hatua kutoka dirishani, nikakandamiza mkono wangu kwenye lipu mbichi, juu kabisa ya kiganja cha mama, nisije nikapapoteza mahali pake. Fundi alipoiona alama alisonya tu, akaendelea na kazi.

Lipu ilikauka vizuri. Siku chache baadaye, wanawake walipokwenda kufagia, walikuta ukutani madoa ya unyevu yenye vidole vitano. Hayakuwa kila mahali. Wazee waliitwa, wakasimama mbele ya ukuta wakitaja majina polepole, na kila jina lilikuwa la marehemu. Doa la mama lilikuwa chini ya alama yangu, unyevu umeizunguka pande zote. Ndipo nikaona doa la pembeni yake, nikavuta kanga ya Bibi.

"Bibi, hiki si chako?"

"Ni changu," alisema. "Twende, mjukuu wangu. Ulezi uko uani, kuku wataumaliza."

Siku ileile alinifundisha kusonga ugali bila kusaidiwa, akanionyesha mahali anapoweka ufunguo wa sanduku. Mvua za kwanza zilimkuta yuko kaburini.

Sasa mimi ni mwalimu Sumbawanga mjini, nimebakiza muda mfupi kustaafu, na umri aliofia Bibi nimeshaupita. Mwaka huu kijiji kimeamua kubandua lipu. Vijana wanasema ukumbi ule ndio kitabu pekee kilichoandikwa na babu zetu, na hata wafugaji waliohamia miaka ya karibuni na ng'ombe wao wamesomba mchanga wa ukarabati. Niliitwa kwa sababu ya mkono wangu.

"Shikamoo, mama," alisema fundi, kijana wa palepale.

"Marahaba, baba."

"Hapa pana mkono wa mtoto. Nikibandua tupate cha chini, huu unaweza kuvunjika. Tuuache?"

Mkono ule ndio uliokuwa umenitunzia mama miaka yote hiyo, na sasa ndio uliomziba. Nilimwambia abandue. Aliingiza patasi taratibu, na kwa bahati kipande kikatoka kizima. Chini yake kiganja kilikuwepo. Nilikiwekea mkono, nao ukakifunika chote, vidole vikapita nje. Utotoni niliuona mkono wa mtu mzima, kumbe alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mdogo kuliko wanangu. Nililia mbele ya fundi bila aibu. Tofali lilikuwa na uvuguvugu uleule. Wakati wa kutoka nilikumbuka kwamba niliingia bila hodi. Nyumbani kwangu nina kengele ya umeme, na adabu ile imenitoka mkononi pasipo kujua.

Kile kipande nilikibeba mpaka mjini, nikakiweka juu ya kabati sebuleni, mbali na maji. Mvua haijanyesha wiki nyingi. Asubuhi ya leo nimekikuta na unyevu, vidole vyote vitano, na pembeni yake pakavu kabisa. Kisha nimemwita binti yangu jikoni, nikamwonyesha mahali ninapoweka ufunguo wa kabati.