Shaame na Dari la Pango

Shaame Nahodha alikuwa fundi wa kuvunja mawe Kizimkazi, na hakuna kitu kilichompandisha mori kama mtu wa mjini kusema "jiwe tu". Jiwe tu! Miaka ishirini na tano alikuwa akilipasua, na ndani yake akikuta makombe mazima na matumbawe yenye vijishimo vyake. Alijua kwamba mawe yale yote, yaliyobeba mashamba na makaburi, yalikuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja nyuma. Alijua pia kwamba mvua imeyala kwa ndani, ikaacha mapango, na pango moja ndilo lililokuwa likikinywesha kijiji kizima.

Kabla ya kupiga sururu, Shaame hugonga kwanza kwa nyundo, ametega sikio. Jiwe likilia kwa ukali, limeshiba. Likilia kama mtungi mtupu, chini mna uwazi.

Mwaka 1969 akaja Gharib, msimamizi kutoka mjini, kutafuta mawe ya nyumba mpya za serikali. Akachagua mahali mbali kidogo na mdomo wa pango, ambapo tumbo lake limeenea chini bila ya kuonekana, ati kwa kuwa gari linafika bila ya taabu! Watu wakaitwa kwenye kazi ya kujitolea. Shaame akagonga mara tatu.

"Bwana Gharib, hapa chini mna uwazi. Tusogee kule."

"Unapinga kazi ya taifa?"

Enzi zile mtu aliyeulizwa hivyo mbele za watu alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Shaame akafyata ulimi, akashika sururu, akavunja pamoja na wenziwe.

Siku ya nne, watu wamekwenda kusali adhuhuri, dari la pango likaporomoka. Hakufa mtu. Lakini maji yalifukiwa na vifusi, na Mwanakheri, mkewe Shaame, akawa anakwenda na ndoo hadi kijiji cha pili, ana mimba ya miezi saba.

Mkutano ukaitishwa. Gharib akasimama na shati lake la pasi.

"Ndugu zangu, hii ni ajali. Jiwe la kale hilo, nani angejua?"

Shaame akainuka.

"Muongo mkubwa wewe! Mimi nlijua, na nlikwambia!"

Upande wa wanawake, Mwanakheri akageuza uso.

"Kumbe ulijua?" akamuuliza mumewe. "Ukavunja?"

Mwanakheri akajitwika ndoo yake, akashika njia ya kijiji cha pili.