Mchanga Usiotaka Jua

Kama kuna kazi iliyomchosha Ismael akili kabla ya mwili, ni ile ya kuuficha mchanga usione jua. Mwaka ule wa hamsini na tano, wa Hali ya Hatari, kila kitu Embu kilitakiwa kionekane, kikaguliwe na kigongwe muhuri, na yeye ndiye aliyeajiriwa kuficha mchanga. Ukimwambia askari wa kizuizi cha barabarani kwamba bomba hili la mchanga limezibwa na kufungwa kitambaa cheusi na kamwe halifunguliwi, anakutazama kama mlevi.

Alizaliwa Gakoromone, Meru, mtoto wa mchinjaji Suleiman, ambaye baadaye alihamia Embu na kufungua bucha karibu na soko. Angekuwa bado anakata mbavu kama si Bwana Pollard, Mzungu wa mambo ya miamba, kutafuta mtu mwenye pasi safi ya kutembelea na anayejua Kiembu. Bwana huyu alikuwa na wazo jipya ambalo hata wenzake Nairobi walilicheka. Alisema kwamba zile chembe nyeupe za mchanga, zikishafukiwa mbali na jua, hujiwekea nguvu kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Ukizipasha moto gizani zinatoa mwanga, na mwanga huo unakuonyesha zimelala chini muda gani. Lakini zikionja jua kabla ya kupimwa, kumbukumbu yote inafutika, na umepoteza siku yako bure.

Sasa mchanga wa namna hiyo utaupata wapi? Kwenye handaki. Serikali ilikuwa imewalazimisha wanawake wa vijijini kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu, ili wapiganaji wa uhuru waliojificha humo wasishuke kutafuta chakula. Bwana Pollard alipoliona alifurahi kama mtoto, maana ukuta wake ulionyesha tabaka zote: udongo mwekundu, majivu ya mlima, na chini kabisa mchanga wa mto uliokauka zamani. Wanawake waliokuwa bado wakilichimba bila ujira, wengine na watoto mgongoni, hakuwaona sana. Ismael aliwaona, na jambo hilo lilimkera, lakini angemwambia nani?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ismael anashuka handakini, anafunikwa blanketi jeusi zito toka kichwani hadi miguuni, anakwangua ukuta kwa kupapasa, anagongomea bomba la chuma, analiziba, ndipo anatoka. Siku ya kwanza, alipokuwa humo ndani, alisikia majembe yote yamenyamaza. Alidhani watu wanapumzika. Alipotoka, jasho likimtiririka, wanawake wote walikuwa wamempa mgongo, hata wale waliomsalimu asubuhi.

Embu nzima ilimjua gakunia, yule mtu wa kuvishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, anayewekwa mbele ya watu waliopangwa foleni ili awachongee kwa askari wanaosaidia wapiganaji. Akiinamisha kichwa mbele yako, umekwenda. Na huyu naye alikuwa amejifunika mchana kweupe, Mzungu kasimama kando. Tena, kama kwa kusudi, kesho yake alfajiri askari walikizunguka kijiji cha wanawake wale wakachukua wanaume. Nani angetaka ushahidi mwingine?

Habari ilifika mjini kabla ya wiki kwisha.

"Isma," mzee Suleiman alimwuliza, kisu mkononi na nyama ikimdodea, "watu wanapita hapa wakitazama kando. Unafanya nini huko juu?"

"Nachota mchanga, Baba."

"Chini ya blanketi?"

"Chini ya blanketi."

Mzee alikiweka kisu chini. "Hata mimi, ningekuwa wao, nisingenunua hapa. Watu wameuawa kwa kushukiwa kidogo kuliko hivyo, mwanangu. Jisafishe mapema."

Ismael alimwomba Bwana Pollard walete hema, watu waone mlango na wanaoingia.

"Hema hapana ingia kwa shimo," Bwana alijibu kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka mchanga, hapana maneno ya bibi."

Ukifanya kazi na mtu wa namna hiyo, unaweza kulia kwa hasira. Ismael alirudi handakini roho mkononi. Bomba lilikuwa limeingia nusu ukutani aliposikia mtu amelishika blanketi kwa nje.

"Toka," sauti ya mwanamke ilisema. Aliitambua. Alikuwa Wambeti, ambaye mume wake Njagi alichukuliwa ile alfajiri.

"Mama, ni mimi, Ismael wa bucha."

"Jina najua. Nataka kujua unaangalia nani."

"Siangalii mtu. Huku ni giza tupu."

"Basi mimi naingia."

Juu ukingoni Bwana Pollard alikuwa akipiga kelele kwamba blanketi lisifunguliwe. Ismael alijua akimkatalia mama huyu, hatakuwa na pa kujificha Embu wala Meru. Akaliinua blanketi. Jua likamwagika ukutani, juu ya mchanga ule mbichi, na Wambeti akaingia.

Hakuujali mchanga. Alilipapasa blanketi lote kwa vidole, juu, chini, pembeni, akitafuta matundu ya macho. Alilirudia tena. Kisha akatoka na kuwaambia wenzake kwa Kiembu kwamba halina matundu, na huyu kijana anakwangua ukuta tu. Mmoja akacheka, majembe yakaanza tena.

"Wewe naharibu yote," Bwana alimfokea Ismael. "Kwisha kazi. Enda."

Ismael aliona afadhali. Alilikunja blanketi, akapanda juu akihema kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo alipoona Wambeti hajashika jembe lake. Alikuwa amesimama palepale, mikono imelegea.

"Mama, si umeona mwenyewe? Si mimi."

"Nimeona."

"Sasa mbona umenuna?"

Wambeti alimtazama kwa uchovu mwingi, bila chuki yoyote.

"Tangu wachukue Njagi, nilikuwa nasema, ni wewe. Nilisema nikikushika, utaniambia alipelekwa wapi," alisema. "Sasa mimi nitauliza nani?"