Kidonda Kisichouma

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa kila kona ya Sumbawanga. Zamani ulipanga foleni hospitali ukaambiwa dawa zimekwisha. Sasa unataja kinachouma, unapewa kidonge. Mama yangu magoti yalikuwa yamemtesa muda mrefu. Akaenda duka la dawa la mtaa wa Katandala, akauziwa vidonge vidogo vyeupe, na haukupita muda akawa anatoka kwetu Chanji hadi shambani bila kupumzika njiani. Mashavu yakajaa. Majirani wakanisifu mimi, mwalimu wa biolojia niliyetoka chuoni juzijuzi, eti namlisha vizuri. Nikavimba kichwa, kwa nini nisivimbe?

Mvua zilipokaribia kuisha, mama akaita watu wamsaidie kutengeneza ntumba. Wafipa nyasi hatuzichomi. Tunazikata kwa jembe pamoja na udongo wake, tunazigeuza zitazame chini, tunazirundika kuwa vilima vya duara ili zioze humo humo ziwe mbolea. Anayeita watu ndiye anayepika pombe, na ni aibu kubwa aondoke shambani wageni wake wakiwa bado wanalima. Basi jembe lilipomkata mguuni, mama alifunga kitambaa tu, akaendelea kukanyaga nyasi zenye udongo mpaka jioni, kisha akawagawia watu pombe huku anacheka.

"Wala jeraha lenyewe haliumi," aliniambia.

Kweli halikuuma. Halikuvimba, halikuwa jekundu, na mama hakupata homa. Watu wakasema ana damu nzuri. Lakini jeraha halikufunga, na baadaye likaanza kunuka. Nikamwambia twende hospitali, akakataa. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Tuligombana mpaka jirani akaja kuamua. Kesho yake nikampeleka.

Daktari alikuwa dada wa rika langu. Alifungua kitambaa, akakunja uso, kisha akamwangalia mama mashavuni kwa muda mrefu.

"Mama, unameza dawa gani?"

"Simezi kitu, mwanangu."

"Mama!" nikamkemea.

Akafungua fundo la kanga, akatoa vile vidonge. Daktari akaviweka kiganjani, akanigeukia mimi. "Mguu huu unaoza kimyakimya. Tutausafisha, tutampa sindano. Mwili wake usipoamka, tutaukata mguu."

Mama akasema afadhali azikwe nao. Shamba lake atalilimia nini?

Nilimfuata daktari nje. Akanieleza pale kwenye korido, na mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Ndani ya kila seli ya kinga, alisema, mna protini zinazokaa nje ya kiini, zimetulia. Kijidudu kikigusa ukuta wa seli, zinaingia ndani ya kiini na kuushika uzi wa DNA, mahali maalumu, si popote. Zikishaushika, jeni zilizokuwa zimelala zinaanza kusomwa. Mwili unatengeneza ujumbe wa kuita seli nyingine, na huo ndio uvimbe, ndio joto, ndio maumivu. Kile kidonge nacho, hicho hicho kilichomjaza mashavu, kinaingia mpaka ndani ya seli, kinajishika na protini nyingine, na hiyo inakwenda kwenye DNA kuzinyamazisha jeni zile zile. Ndiyo maana magoti yalipoa. Na ndiyo maana mguu haukupiga kelele.

Mungu wangu! Nilikuwa nimewafundisha watoto seli kwa kuchora duara na nukta katikati. Kumbe ndani ya ile nukta kuna kushikana na kuachiana kusikoisha, na uhai wa mama yangu ulikuwa unategemea kitu kisichoonekana kwa macho kishike uzi, au kiuache. Nilirudi wodini nikamwangalia alivyolala, nikaogopa kumgusa, jinsi nilivyomwona mkubwa.

Vidonge havikukatishwa ghafla, maana mwili uliokwisha kuvizoea ungezimia. Alipunguziwa kidogo kidogo. Kila siku nilikuwa naukagua ule mguu. Kimya. Daktari akaanza kuongea nami kwa upole zaidi, na upole ule ulinitia hofu kuliko maneno yake ya mwanzo.

Asubuhi moja nilikuwa namwosha, kitambaa kikagusa ukingo wa jeraha.

"Uwiii! Unaniua, mtoto wewe!" Akanichapa kofi mkononi.

Nikainama kuangalia. Kingo zilikuwa nyekundu. Zimevimba. Nikaweka kiganja karibu, nikakuta joto.

"Limevimba!" nikapiga kelele. "Jamani, limevimba!"

Wodi nzima ikageuka. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nina akili timamu, mgonjwa analia nami nacheka.

"Ni habari njema, mama," nikamwambia mama yangu.

Akanisonya. "Kama ni njema, lete mguu wako uumie wewe."

Daktari akaja mbio, akabonyeza taratibu pembeni ya jeraha. Mama akapiga ukelele mwingine. Daktari akabonyeza tena, kama haamini, kisha akavuta pumzi.

"Mguu huu hatukati," akasema.

Mama akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akalia.