Kichwa cha Stanslaus, Chungu cha Scolastika

Scolastika alikuwa uani kwake, kijijini Samuye, anachuja pombe ya mtama, Stanslaus alipoingia amejifunga kitambaa kichwani. Hakusalimia.

"Mama Blessing, umetutilia nini kwenye pombe? Kichwa kinapasuka! Unatia mbolea ili ichachuke haraka, na sasa watu wote wanajua."

Scolastika aliliweka chujio chini. Mpika pombe akishasemwa hivyo, amekwisha. Tangu mumewe afariki, chungu hicho ndicho kinachoendesha nyumba, na hajawahi kumgawia mteja kabla ya kunywa kata ya kwanza yeye mwenyewe, mbele ya wote.

"Wanajua kutoka kwa nani? Umeyasema wapi?"

"Mashineni, kwenye kusaga, asubuhi hii. Foleni ilikuwa ndefu."

Wanawake wa foleni ile wanatoka vijiji vitatu.

"Kaa hapo, Stanslaus."

Kuitwa jina lake kavukavu, yeye Baba Maduhu, kulimshtua. Akakaa juu ya kinu. Jirani yao Mageni, aliyekunywa naye jana, alikuwa amefuata machicha ya pombe ya kulishia nguruwe wake. Akatua ndoo asikilize.

"Jana ulikula nini kabla ya kuja kwangu?"

"Tulikuwa tunavuna. Nani ana muda wa kula?"

"Juani kutwa, tumbo tupu. Maji ulikunywa?"

"Maji na pombe wapi na wapi? Ukinywa maji asubuhi, pombe inaamka upya."

Mageni akaangua kicheko. "Mtajie na vile vichupa, Baba Maduhu! Alipotoka hapa alipitia dukani, akapiga vichupa viwili vya kali. Leo kaamka, katoa loki, kazimua na kingine."

"Mageni, mdomo wako huo!"

"Mimi nilikunywa chungu hichohicho. Nilishiba ugali kwanza, nikanywa maji, nikalala. Mbolea yake inachagua vichwa?"

Pombe, iwe ya chungu au ya chupa, humfanya mtu akojoe sana, na mwili unapokaukiwa maji kichwa huuma. Mwili unapoivunja pombe hiyo hutokea sumu, na kwenye tumbo tupu ulevi hupanda upesi zaidi. Anayekula kwanza, akanywa kidogo na polepole, akapokezanisha kopo la pombe na la maji, akaiacha ile kali dukani, hupunguza adha. Kuzimua asubuhi huahirisha tu maumivu. Asiyetaka kuumwa kabisa, asinywe. Haya Scolastika amewaambia wateja wake miaka yote, nao humjibu auze, asihubiri. Sasa mmoja wao alikuwa amekwenda kumchafua mbele ya watu kwa ukaidi wake mwenyewe.

"Basi nisamehe, mayu, mama yangu," Stanslaus alisema kinyonge. "Nipe kopo moja nizimue, yaishe."

Scolastika alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumpiga. Akaingia ndani, akatoka na jagi la maji.

"Kunywa lote. Halafu tunakwenda mashineni."

"Na kichwa hiki? Injini ile itaniua!"

"Ulinitangaza ikinguruma. Utanisafisha ikinguruma."

Walipofika, mazungumzo ya foleni yalikatika. Stanslaus alimwomba msagaji azime injini kidogo tu. Msagaji akamwonyesha ndoo zilivyojipanga, akaendelea kumimina mahindi. Stanslaus akabana paji la uso kwa viganja.

"Pombe ya Mama Blessing haina mbolea," alisema. "Nilichanganya mwenyewe na kali ya dukani, na sikuwa nimekula."

Wawili wa karibu walisikia. Mmoja akacheka. Wale wa nyuma, waliotoka mbali, walikuwa bado wanamtazama Scolastika kwa jicho la pembeni, na mmoja wao akamvuta mwanawe karibu.

"Wale kule hawajasikia," Scolastika alisema. "Paza sauti. Sema tena."