Kidole Ambacho Sikukiona

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ambayo kila ikinijia nainamisha uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Mke wangu anajua tu kwamba zamani nilipenda kulenga shabaha, na kwamba niliacha. Kwa nini niliacha, sikumwambia vizuri. Leo nakwambia wewe. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu tu, nimewazoea watoto wa mji huu. Lakini sikiliza kwa Kiswahili, maana mzee aliyenirudi alinirudi kwa Kiswahili.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, muuguzi, mzaliwa wa Nyeri, nakaa chumba kimoja Lozells, hapa hapa Birmingham, juu ya duka la mboga. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenipeleka kwenye klabu ya shabaha, kule upande wa Sutton Coldfield ambako nyumba zina bustani mbele na nyuma. Tulitumia bunduki za risasi ndogo, tuu-tuu tulivyoziita, ambazo mlio wake ni kama mtu kapiga meza kwa rula. Unalala kifudifudi juu ya mkeka, mkanda umekaza mkono, unatazama karatasi yenye duara dogo jeusi, unapumua, unatulia, unabonyeza triga kwa kidole. Kwa mtu anayeshinda wodini akikimbizwa na kengele za wagonjwa, ule utulivu ulikuwa dawa. Nikapenda. Nikaomba leseni, polisi wakaja kukagua kabati la chuma nililolifunga ukutani, na baada ya miezi mingi nikapewa. Nikanunua bunduki yangu mwenyewe, kuukuu, ya kitako cha mbao.

Aliyezitunza bunduki za klabu alikuwa Mzee Sefu, mtu wa Tanga, aliyefanya kazi ya vyuma katika viwanda vya Birmingham hadi akastaafu. Alikuwa mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Siku ya kwanza nilimwambia "Habari yako, Mzee," akanitazama tu mpaka nikakumbuka kusema "Shikamoo." Sisi wa bara shikamoo tuliisoma vitabuni, mwanangu, pale ndipo nilipojifunza kuitumia.

Mzee Sefu alinisaidia kuirekebisha bunduki yangu inikae mwilini. "Bunduki ya shabaha hushonwa kama suti," alikuwa akisema. "Haivaliwi ya mtu mwingine." Tulifanya kazi hiyo Jumamosi nyingi. Alinilaza mkekani, akapima kwa rula umbali wa bega na kidole, shavu na jicho. Tukaongeza kibao nyuma ya kitako kwa sababu mikono yangu ni mirefu. Tukainua pale shavu linapolala, tukapiga msasa, nikalaza shavu tena, tukapiga msasa tena, mpaka nikifumba macho na kuyafumbua najikuta natazama katikati ya tundu la kulengea bila kutafuta. Nilimwona mzee yule akipitisha kidole gumba juu ya ile mbao kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

Siku tulipomaliza aliniambia, "Sasa umebaki mwili wako kuizoea. Lakini triga usiiguse. Ikihitaji kulainishwa, niletee mimi. Na hata mimi huiendea kwa bismillahi."

Nikasema, "Nimesikia, Mzee." Nilikuwa nimesikia kwa masikio.

Hapa yafaa nikutajie Hodan. Alikuwa binti Msomali aliyekulia Garissa, akapitia Uholanzi na mama yake kabla ya kufika hapa, na alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliingia klabu mwaka mmoja baada yangu, hana leseni bado, anatumia bunduki ya klabu ambayo haikumkaa kabisa. Kitako kilimzidi urefu hata ilimbidi alale upande upande. Pamoja na hayo, risasi zake tano ungeweza kuzifunika kwa sarafu moja. Kulikuwa na maneno kwamba atachaguliwa kwenye timu ya klabu. Nami nilitaka nafasi hiyo hiyo. Tuliongea naye Kiswahili, tukicheka jinsi chai ya klabu ilivyo maji ya kuoshea vikombe, lakini alipokuwa akibandua karatasi yake ukutani nilikuwa nahesabu matundu kwa pembe ya jicho. Kijicho, mwanangu, hakikuombi ruhusa ya kuingia.

Nikajiambia shida si mimi, shida ni triga. Nzito. Nikanunua springi nyepesi kwa posta, nikafungua bunduki juu ya meza yangu ya kulia chakula, nikachukua tupa na kukisugua kile kijino cha chuma kinachozuia bunduki isifyatuke mpaka uamue. Sikuwa na ujuzi huo. Nilikuwa nimetazama tu picha kwenye tovuti fulani. Jumamosi iliyofuata nilipiga vizuri kuliko siku zangu zote, watu wakanipongeza, nikasema ni jicho limefunguka.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ningependa kuliruka. Siku mbili kabla ya ile siku, nikiwa nyumbani nasafisha bunduki bila risasi, nilisukuma komeo, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi, kwa nguvu kidogo na nikasikia, "Ta!" Ilijifyatua yenyewe. Kidole changu kilikuwa mbali. Nikajaribu tena mara sita, haikurudia. Nikasema nitaitazama wiki ijayo. Kwa hiyo usidhani sikujua. Nilijua.

Siku yenyewe Mzee Sefu hakuwapo, alikwenda kwa binti yake. Bunduki aliyokuwa akitumia Hodan ilikuwa imefunguliwa vipande ikimsubiri mzee. Akaniuliza, "Kaka, naweza kujaribu yako? Risasi tano tu." Sheria za klabu ziliruhusu, mradi niwe pale pembeni. Nami nilitaka asikie jinsi ilivyo nzuri, nilitaka aniambie, "Kaka, hii ni kali." Nikampa. Sikumwambia kitu kuhusu triga.

Akalala, akavuta mkanda. Msimamizi, Mwingereza mmoja mrefu aliyewahi kuwa askari, akatoa amri ya kupakia. Hodan akaingiza risasi, akasukuma komeo, na kabla kiwiko hakijatua vizuri bunduki ikalia. Mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekea juu kidogo. Taa ya dari, katikati ya ukumbi wa kulengea, ikapasuka, vioo vikamwagika sakafuni. Hakuna aliyeumia. Ungekuwa mdomo umeelekea kando, ningekuwa nakusimulia mengine.

Msimamizi akapiga kelele wote waache bunduki. Akasimama mbele ya Hodan. "Kidole chako kilikuwa kwenye triga wakati unafunga!"

"Hapana," akasema Hodan. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, rangi imemtoka. "Wallahi hakikuwa. Kilikuwa nje, hapa." Akaonyesha.

Msimamizi akanigeukia. "Wewe ulikuwa umesimama karibu. Ulikiona kidole chake?"

Watu wote wakanitazama. Hodan naye akanitazama, na usoni mwake hapakuwa na wasiwasi. Alikuwa anangoja nimtetee. Mwanangu, nilikuwa na muda wa kutosha. Watu husema ulimi uliteleza. Wangu haukuteleza. Niliona leseni yangu, niliona timu, niliona zile pongezi za Jumamosi, na nikasema, "Nadhani kilikuwa kwenye triga. Ndiyo."

Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile nilimsingizia mwenzangu kujikwaa kidole na hapo hapo nikajikwaa ulimi mimi.

Hodan hakubishana tena. Aliniangalia, kisha akautazama mkono wake wa kulia kama anauona kwa mara ya kwanza. Akasimamishwa mpaka kamati ikutane. Bunduki yangu ikafungiwa katika kabati la klabu ili ikaguliwe. Nikaendesha gari kurudi Lozells nikijiambia kwamba kamati itamwonea huruma, kwamba yeye bado mgeni na wageni husamehewa. Ujue kwamba mwenye hatia ni wakili hodari sana.

Siku kumi zilipita. Nikamwona mara moja kituo cha basi, nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Kisha Mzee Sefu akapiga simu. "Njoo kwangu Jumapili baada ya kanisa lako." Hakusema zaidi.

Alikaa Winson Green, kwenye safu ya nyumba zilizobanana, karibu na ukuta wa jela. Akanikaribisha jikoni, akanipa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Nikanywa. Yeye hakunywa. Akavua miwani ya machoni, akabaki na ile ya kichwani.

"Nimeifungua bunduki yako," akasema. "Nimeona njia ya tupa."

Nikaanza kusema jambo kuhusu springi. Akainua mkono.

"Sikuulizi habari ya triga. Chuma hakina dhambi. Ujinga nao husameheka, hata mimi ujanani nimeharibu chuma cha watu. Nakuuliza habari ya kidole cha yule binti. Ulikiona?"

"Sikukiona, Mzee."

"Kilikuwa hapo?"

"Hakikuwa."

"Nawe ukasema kilikuwapo."

Nikainamia kikombe changu. Mzee akaweka mezani ile miwani aliyoivua. Kisha akasema, taratibu, bila kupandisha sauti, na heri angepandisha: "Nilikupima shavu kwa mikono yangu. Nilikulaza mkekani nikajua urefu wa shingo yako na upana wa bega lako. Nikadhani nakujua. Kumbe sikukupima moyo. Kosa langu hilo."

Mwanangu, nimetukanwa na wagonjwa, nimefukuzwa mlangoni na watu wasiotaka mweusi awaguse. Hakuna lililonichoma kama mzee yule kuchukua kosa langu na kujitwika yeye.

Nikalia. Hakunibembeleza. Akaniambia, "Mficha uchi hazai. Kamati inakutana Jumatano. Ripoti yangu naiandika Jumanne jioni, na nitaandika nilichokiona. Nikiandika kabla hujasema, utakuwa umekamatwa. Ukisema kabla sijaandika, utakuwa umerudi. Ila usianze na kamati. Anza na mwenye kidole."

Nilikwenda siku ile ile. Hodan aliishi mitaa mitatu tu kutoka kwangu. Mama yake akafungua, akanikaribisha kwa heshima, akidhani nimekuja kumfariji binti yake, akaniita mwanangu. Hilo nalo nililimeza. Hodan akaja sebuleni, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: tupa, springi, ule mlio wa "ta" nyumbani, na neno nililolisema.

Nilitarajia matusi. Akaketi polepole.

"Unajua, kaka," akasema, "siku ya kwanza nilikuwa na uhakika. Siku ya pili pia. Halafu nikaanza kusema, yule ni mtu wa kwetu, hawezi kunisingizia. Basi labda kilikuwa hapo. Labda sikukihisi. Juzi nikiwa kazini nampa bibi mmoja dawa, nikasoma jina kwenye pakiti mara nne, kwa sababu sikuuamini mkono wangu." Akanionyesha kiganja. "Mimi niliamua kukuamini wewe, nikaacha kujiamini mimi."

Nikasema, "Nisamehe, Hodan."

"Usiniambie mimi tu. Kawaambie wao."

Jumatatu nilimpigia mwenyekiti, na Jumatano nikasimama mbele ya watu saba kwenye meza ndefu nikayarudia yote. Niliondolewa kwenye klabu. Polisi wakaninyang'anya leseni, bunduki ikaenda, pamoja na kitako kile alichokipapasa Mzee Sefu kwa wiki nyingi. Nilistahili. Hodan aliandikiwa barua ya kuombwa radhi na kuitwa arudi.

Alirudi mara mbili. Mzee Sefu alimtengenezea bunduki ya klabu, akafupisha kitako kimtoshe. Mara ya pili akalala mkekani, akapakia, akaangalia kidole chake; akafunga komeo, akaangalia kidole tena; muda ukaisha hajapiga hata moja. Akasimama, akamshukuru mzee, akaondoka. Hakulenga shabaha tena. Na mimi nakwambia, sijaona mwingine mwenye kipaji kama kile.

Mimi na Hodan hukutana hadi leo. Mwezi uliopita tulikuwa sote dukani tukichagua ndizi za kupika. Ana watoto wakubwa. Akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mgongo wangu. Alinisamehe zamani, amenieleza hivyo kwa kinywa chake. Lakini alipotoa kadi kulipa, aliibonyeza ile namba ya siri huku akikitazama kidole, pole pole, namba moja moja. Labda ndivyo alivyo tu. Labda macho yamechoka. Mimi nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta mpaka alipoondoka.

Basi shika haya, mwanangu. Usiguse usichokijua kwa sababu tu mwenzako amekushinda. Ukikigusa kikaharibika, sema mapema, kabla hakijamfikia mwingine mkononi. Na siku utakapoulizwa, "Ulikiona?" mbele ya mtu anayekutegemea, sema ulichokiona, hata kama neno hilo litakugharimu kila ulichokitamani. Vitu hununuliwa tena. Mtu uliyemfanya aushuku mkono wake mwenyewe, huna duka la kumnunulia imani mpya. Utamwomba msamaha, atakupa, na bado utakuwa umemwondolea kitu usichoweza kukirudisha.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi mnyoofu. Akuzungushie wazee wa kukurudi ungali na nafasi ya kurudi. Na asikufikishe umri wangu ukiwa na mtu unayeogopa kumtazama vidole. Nenda salama, mwanangu.